Nimejibu hadithi kwa picha, mwandishi kaniambia nimemsomea hadithi yake tena. Nifanyeje?

Mpiga Picha wa Chake

Assalaam alaykum wadau. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili sasa na usingizi unanipita, kwa hiyo nisameheni nikiwa mrefu.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na maulidi hapa Chake Chake, Pemba, mwaka wa nane huu. Tuna kikundi chetu kidogo cha kusoma, tunakutana mara moja kwa mwezi barazani kwa mwenzetu mmoja baada ya laasiri, watu tisa kumi hivi, tunasoma kitu kimoja na mwezi unaofuata kila mtu analeta jawabu lake. Wengine huleta insha, mmoja hutunga shairi, kuna dada aliwahi kupika vyakula vyote vilivyotajwa ndani ya riwaya moja tukala huku tunazungumza mpaka magharibi ikatukuta. Mie kuandika si fani yangu, basi mwezi uliopita nkasema ntajibu kwa picha.

Tulichosoma ni hadithi fupi ya mwenzetu humo humo kikundini, haijachapishwa, kurasa 9 za mkono. Inamhusu mama mmoja wa kule Konde, muokota mpeta, yaani zile karafuu zinazoanguka chini ya mikarafuu ya watu, na mwanawe yuko Unguja. Kila msimu anasema msimu ujao nikipata pesa ntavuka nikamuone. Neno hilo "msimu ujao" linarudi na linarudi mpaka linakuchoma. Mwisho yuko bandarini Mkoani na kifurushi chake, honi ya boti inalia, hadithi inakatika hapo hapo, hujui kapanda au hakupanda. Iliniliza wallahi.

Basi nkajitayarisha vizuri. Nkamuomba shangazi yangu awe ndiye yule mama. Nkampiga kainama anaokota, nkampiga yuko kwenye jamvi anaanika, nkampiga anahesabu pesa, nkampeleka mpaka Mkoani nkampiga na kifurushi boti iko nyuma yake. Lenzi ile ile ya harusi, nyuma kumefifia vizuri, sura imetoka safi. Picha 43, nkachagua 20, nkawaonyesha kwenye laptopu.

Wakasema mashaallah, nzuri. Halafu kimya. Mwandishi mwenyewe ndo alosema, kwa upole tu, "Umenisomea hadithi yangu tena, polepole zaidi." Akaongeza kuwa uso wa yule mama yeye hakuuandika makusudi, na mimi nimeshampa uso, sasa kila akifumba macho anamuona shangazi yangu.

Limeniingia neno lile, kwa sababu ni kweli. Kila kilichomo kwenye picha kilishakuwemo kwenye maneno. Ukizitoa picha zangu hadithi haipungui kitu, na ukiitoa hadithi picha zangu hazisemi kitu, ni mama anaokota karafuu basi.

Wamenipa mwezi mwengine. Nauliza, picha inajibuje maandishi bila ya kuyafuata nyuma kama mtoto na mamake? Chini yake niandike maneno au niache? Na ngapi zinatosha? Jengine, shangazi ameshasema sura yake isitoke nje ya kikundi, na mie nilikuwa nataka baadae nizichapishe nizitundike pahala watu wapite wazione, kwa hiyo hata hizo nilizonazo nyingi sina ruhusa nazo. Mlowahi kufanya kitu kama hichi nisaidieni jamani.

Mtoto wa Wete

Kaka kuna kitu umekisema ukakipita haraka. "Nyuma kumefifia vizuri." Kwenye harusi sawa, bibi harusi ndo mwenye siku yake, ukumbi haumshughulishi mtu. Lakini kwa muokota mpeta nyuma ndo kwenye hadithi yenyewe, ile mikarafuu si yake! Ule mti uloufanya ukungu wa kijani una mwenyewe, na mwenyewe hayupo pale, na mama anaokota kilichomdondokea. Ungepiga kwa simu tu kila kitu kikatoka, mti mkubwa binaadamu mdogo, mtu angeelewa bila kuambiwa.

Maalim Kidato

Wa alaykumus salaam. Nimesomesha Kiswahili miaka 26, sasa nimepumzika. Kamera si kazi yangu ila hili la kujibu andiko nalijua, na nakuomba unisome mpaka mwisho.

Sisi watu wa pwani kujibu andiko ni jambo la mila. Mtu akitoa shairi, mwenzake hamwambii nimelisoma ni zuri, anamjibu kwa shairi. Na kujibu huko kuna adabu yake. Kama mwenzio katoa beti za mishororo minne, mizani nane kwa nane, kina cha kati hiki na cha mwisho hiki, wewe unajifunga humo humo, unashika mizani yake na vina vyake, kisha ndani yake unatia lako. Ukileta maneno yake yale yale watasema huyu hana jipya. Ukivivunja vina vyake watasema huyu hakumsikiliza mwenzake. Umbo linakuwa la mwenzio, maneno yanakuwa yako.

Wewe, kwa nilivokusoma, umefanya kinyume chake. Umechukua maneno yote ya mwandishi, mama, karafuu, jamvi, pesa, boti, ukaliacha umbo lake nyuma. Na umbo la hadithi ile umelieleza mwenyewe hapo juu bila kujua. Kwanza lile "msimu ujao" linalorudi. Hilo ni kituo, kile cha mshororo wa mwisho kinachojirudia kila ubeti, wengine wanakiita kibwagizo. Kituo kizuri hakibadiliki hata herufi, kinachobadilika ni beti zilizo juu yake, na kwa sababu hiyo kila ukikifikia unakisikia vyengine. Msimu ujao wa ukurasa wa kwanza ni ahadi, wa ukurasa wa saba naamini ni kilio. Pili, uso usiosemwa. Tatu, kule kukatika mwisho. Hivyo ndo vina na mizani ulivyopewa. Jifunge navyo. Itakuwepo picha moja ambayo inarudi na kurudi. Uso wa mtu usiwepo. Na mwisho usifunge.

Hayo ni umbo. Lako ni lipi? Swali hili usinijibu kwa haraka. Kwenye hadithi hii wewe umesimama wapi? Yule mama si wewe, mwenye mikarafuu si wewe. Ulipolia, ulimlilia nani?

Mpiga Picha wa Chake

Maalim shikamoo. Nimelisoma swali lako jana usiku sikuweza kujibu, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo.

Mie ni yule mtoto.

Nilikaa Unguja miaka 6. Nilikwenda kusoma nkaishia kuuza dukani kwa watu, chumba cha kupanga Kwahani, tuko watatu. Hadithi inasema mtoto haji lakini haisemi kwa nini haji, na mie najua kwa nini. Nauli mara nyengine ilikuwepo. Ni kwamba kila ukitaka kwenda unatazama mikono yako unaona huna cha kumshikia mama, unasema basi msimu ujao, yaani na mie nilikuwa nasema neno lile lile upande wa pili wa bahari na sikuwahi kulifikiria mpaka leo naliandika hapa.

Mama yangu hakuvuka hata mara moja. Kilichokuwa kinavuka ni pakacha. Kila akisikia kuna mtu anakuja Unguja anakata kuti, anasuka pakacha, anatia mihogo, shelisheli, samaki wa kukaanga kamfunga kwenye gazeti, na juu kipande cha boksi kimeandikwa jina langu kwa kalamu ya maka. Anayeandika ni mtoto yeyote wa jirani alokuwepo siku hiyo mana mama hajui kuandika, kwa hiyo jina langu kila safari linakuja vyengine, herufi imezidi, herufi imepungua, mara moja lilikuja la kaka yangu likakatwa mstari likaandikwa langu pembeni. Nakwenda bandarini Malindi, hapo hapo Unguja, boti ikifika nalitafuta pakacha langu baina ya mapakacha ya watu. Linafika bado kijani. Nalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Chakula siku mbili kimekwisha, pakacha linabaki. Linafifia, linakuwa kama majani makavu, halafu kahawia kabisa, halafu linaanza kukatika lenyewe, na silitoi mpaka lije jengine. Nilikuwa nikilitazama najua ni muda gani sijazungumza na mama.

Sasa sijui kama hilo ni jawabu la hadithi ya mwenzangu au ni hadithi nyengine kabisa nimeileta.

Bint Mkunazini

Nimesoma hii post ya mwisho nimesimama jikoni chungu kinaungua. Kaka yangu hilo NDO jawabu. Hadithi imeandikwa kutoka upande wa anayepeleka, wewe unajibu kutoka upande wa anayepokea, na baina yenu kuna kitu kimoja tu kinachosafiri.

Mie nafanya filamu fupi fupi hapa mjini Unguja na ntakwambia mambo mawili matatu ambayo yamenisaidia.

Kuna msanii wa Ufaransa anaitwa Sophie Calle, mwanamme alimpelekea barua pepe ya kumuacha. Hakumjibu kwa barua. Aliichukua ile barua akaigawa kwa wanawake 107, kila mmoja aisome kwa kazi yake, mwanasheria kwa sheria, mcheza densi kwa mwili wake, mwengine kwa kusahihisha lugha, akawapiga picha na video wakiwa nayo, na kazi ile ikaonyeshwa Venice mwaka 2007. Mwanamme mwenyewe humuoni popote, wala ule uachano humuoni mtu anauigiza. Unaona barua ikipita mikononi mwa watu na kila mkono unaifanya kitu chengine. Nilipoiona ndo nlielewa kwamba picha hailazimiki kuonyesha kilichoandikwa, inaweza kuonyesha andiko lilimfanya nini mtu alolipokea. Wewe pakacha ndo barua yako.

La pili linakwenda na alosema Maalim kuhusu kituo. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, kiasi cha miaka mia iliyopita alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso mtupu hauna furaha hauna huzuni, akaiweka baada ya bakuli la supu, ile ile akaiweka baada ya jeneza, ile ile baada ya mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, wakaona msiba, wakaona mapenzi, na uso ni mmoja haukubadilika chochote. Kwa hiyo ukiwa na pakacha kwenye msumari linarudi kila baada ya picha mbili, kinachotangulia ndo kitakachosema. Likija baada ya ukurasa wa hesabu za dukani ni kitu kimoja, likija baada ya kitanda kitupu cha mwenzio alokwenda kwao Idd ni kitu chengine. Weka kikali kabla yake, usilipambe lenyewe.

Maneno sasa. Mie nasema usiandike chochote chini. Na siyo kwamba maneno mabaya, tazama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina halielezi maua! Hujawahi kuona kanga ya mikorosho imeandikwa "hii ni mikorosho". Jina linasema jambo lake, maua yanasema yao, na mwanamke akiivaa akapita mbele ya mlango wa mtu ndo ujumbe unakamilika, na anayeambiwa anajua kaambiwa. Ukiandika chini ya picha "pakacha kutoka kwa mama" umeshaliua. Jina lako lililokosewa herufi kwenye boksi linatosha, hilo neno limo ndani ya picha na limeandikwa na mkono wa huko huko.

Na shangazi. Hapa ntakuwa mkali kidogo naomba usichukie. Zile picha kamwambie unazifuta, na uzifute mbele yake. Mwanamke wa Pemba akikubali umpige ajili yako mpwa wake, amekubali kwa ajili yako, hajakubali kutundikwa ukutani wageni wampite. Nshaona watu wanachukua picha za kina mama barabarani wanaanika karafuu, gari inasimama, mtu anatoa simu dirishani, anapiga, anaondoka, hata salamu hakutoa. Inaniuma. Bora pakacha mara elfu.

Maalim Kidato

Bint Mkunazini umesema maneno mazito na la kanga nimelipenda, lakini kwenye maandishi tutapingana kidogo. Mwandishi kaleta maneno, na anayejibu ashike kitu cha mwenzake japo kimoja ili ijulikane anamjibu nani. Katika malumbano jina la mwenzio au neno lake moja lazima litajwe. Bila ya hivyo mtu atakayekuta mapakacha ukutani hatojua kuna hadithi ya mtu ilotangulia. Mie ningeweka maneno mawili tu, "msimu ujao", pahala pamoja, basi. Pahala gani ataamua mwenye kazi.

Bint Mkunazini

Maalim kwa heshima zote, au kurasa zile 9 za mkono zitundikwe upande mmoja wa ukuta na picha upande wa pili, mtu asimame katikati. Akitaka asome akitaka atazame. Mwandishi akikubali lakini.

Mzee wa Darajani

Vijana hamjambo. Nimefuatilia tangu juzi.

Mie nilijifunza kazi hii mjini enzi za mikanda, kamera kubwa inakupa picha 12 kwa mkanda, ile ndogo 36, ukimaliza umemaliza. Huyu kijana kapiga 43 akachagua 20, hapo ndo naona shida nyengine ambayo hakuna aloitaja. Ishirini ni nyingi mno kwa kurasa tisa. Hadithi kurasa tisa, picha tisa. Maalim kasema jifunge na umbo la mwenzio, na hilo nalo ni umbo.

Kuchagua usichague kwenye laptopu. Kwenye kioo unaziona moja moja, inayofuata inaifuta ilotangulia. Kazisafishe ndogo ndogo, zile za sentimita 10 kwa 15 za bei rahisi, uzitandaze chini kwenye mkeka, uzipange, ulale, uamke uzitazame kabla ya chai. Zile ambazo jicho linaziruka zitoe. Halafu kuna moja itakuwa nzuri kuliko zote, unaipenda, kila anoingia anaisifu. Itazame hiyo kwa makini sana. Kama inapendeza peke yake lakini hainong'onezani na jirani yake wa kulia wala wa kushoto, itoe. Nimeumia mara nyingi kwa hilo na sijawahi kujuta.

Ukija mjini pita Capital Art Studio pale barabara ya Kenyatta, ilofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mie nimesimama pale mara nyingi tangu kijana. Kuta zimejaa picha za zamani nyeusi na nyeupe bega kwa bega, majahazi, watu, milango, na macho yako yenyewe ndo yanaanza kuunganisha hii na ile, unatoka umejisimulia kitu ambacho hakuna alokuandikia. Hilo ndo funzo la jirani.

Kisha nikukumbushe kitu. Tulipokuwa vijana kulikuwa na magazeti ya hadithi za picha, yule mpelelezi Lance Spearman na kofia yake, watu wanaigiza wanapigwa picha, maneno yameandikwa juu ya picha yanatoka mdomoni mwao. Tuliyapenda sana, tukipokezana mpaka yanachanika. Lakini pale picha na maneno yalifanya kazi moja, anapiga ngumi na imeandikwa anapiga ngumi. Kazi yako ya mwanzo na shangazi ilikuwa ya namna ile na si kosa, ni fani yake, ila siyo kujibu. Usijilaumu.

Pakacha lipige hivi. Pahala pamoja, msumari mmoja, saa moja ile ile. Simu au kamera iweke juu ya kitu kisichotikisika, miguu ya kiti ichore chaki chini ili kesho urudi pale pale. Asisogee mtu yeyote isipokuwa muda. Ukibadilisha pembe kila siku, mtazamaji atatazama ufundi wako badala ya kutazama kuti linakauka.

Mtoto wa Wete

Mzee shikamoo. "Asisogee mtu yeyote isipokuwa muda", hii nimeiandika ukutani kwangu.

Mpiga Picha wa Chake

Wadau nimerudi, siku 12 zimepita. Nianze na shangazi, nilikwenda nkafuta mbele yake, zote isipokuwa moja ya mikono tu inachambua ambayo mwenyewe aliniambia hiyo iache. Alifurahi. Halafu akaniuliza sasa utapiga nini, nkamueleza, akasema ah, mapakacha ya mamako, mbona hata mie niliwahi kutia mkate wangu humo. Sikujua! Miaka yote nilidhani mkate ule ni wa mama.

Mama nilimuomba anisukie pakacha. Akaniuliza unasafiri? Nkamwambia sisafiri, la kupigia picha. Alikaa kimya kidogo, akakata kuti, akasuka, na alipomaliza akaliangalia, akaenda jikoni akarudi na mihogo mitatu akaitia. Nkamwambia mama halihitaji kitu. Akasema pakacha tupu halitoki nyumbani kwangu.

Basi nimelitundika na mihogo yake. Msumari nyuma ya mlango chumbani kwangu, chaki chini, saa moja na nusu asubuhi kila siku, jua linaingia dirisha la kulia. Siku ya nne nkatoa mihogo tukala mana ilianza kuharibika, na pakacha likabadilika umbo, limelegea upande mmoja, sikulitegemea hilo, kwenye picha unaona kabisa siku lilipotolewa uzito. Nkakumbuka Kwahani ilikuwa hivyo hivyo.

Vile vibao vya boksi nimevikuta vitatu! Nilidhani nilivitupa vyote, vilikuwa ndani ya kitabu cha hesabu. Jina langu kwa mikono mitatu ya watoto tofauti, na mmoja wao saivi ni askari ana watoto wake. Nimevipiga juu ya sakafu tupu, karibu, hakuna mapambo.

Kwa sasa mpangilio wangu uko hivi na bado naupangua kila usiku. Mikono ya shangazi. Pakacha kijani. Kibao. Ukurasa wa daftari la duka ambapo nilikuwa naandika madeni ya watu. Pakacha. Kibao ambacho jina limekatwa mstari. Gati ya Mkoani asubuhi boti imeshaondoka, hakuna mtu, na hii niliomba ruhusa kwanza kwa wanaohusika wakanipa nusu saa. Pakacha kahawia. Ya tisa ndo sina. Maalim kasema mwisho usifunge na mie kila ninayoipiga inafunga. Nimejaribu msumari mtupu, naona unasema mama kafa, na mama yu hai alhamdulillahi yuko hapa anakuna nazi. Nimejaribu pakacha jipya kijani, naona linasema mambo yote yamekuwa mazuri, na hadithi haikusema hivyo.

Mwandishi amekubali kurasa zake zitundikwe ukuta wa pili ila kasema ukurasa wa mwisho ataukata pale pale pa honi ya boti, hataki hata nukta iwepo. Neno "msimu ujao" Maalim nimelitafutia pahala nimeona lisiandikwe na mie, limo kwenye kurasa zake, nimeliacha huko.

Swali jengine kwa Mzee. Rangi inanisumbua. Siku ya kwanza pakacha ni kijani sawa, siku ya sita simu inalionyesha la manjano mno kuliko lilivyo, siku ya nane wingu likapita likawa la buluu. Nitajuaje rangi ya kweli? Nifanye nyeusi na nyeupe zote?

Maalim Kidato

Ya tisa iwe pakacha linalosukwa, halijakwisha, makuti yamebaki wazi. Hujui ni la kwenda wapi.

Mpiga Picha wa Chake

Maalim... nakwenda kumuamsha mama.

Mzee wa Darajani

Usifanye nyeusi na nyeupe. Kijani kuwa kahawia ndo saa yako, ukiitoa rangi umeivunja saa. Simu inajaribu kukusahihishia rangi kila siku kivyake, inaona manjano inadhani ni kosa la taa. Ingia kwenye mpangilio wa kamera ule wa kuweka kwa mkono, uchague alama ya jua na uiache hapo hapo siku zote. Bonyeza pakacha kwa kidole uache kidole pale mpaka mwanga ujifunge. Na bandika karatasi nyeupe ukutani pembeni ya msumari, nje kidogo ya utakapokata picha, ukija kurekebisha unaitazama ile karatasi kwanza, ikiwa nyeupe na pakacha litakuwa kweli. Za siku zilizopita usizitupe, ukuta wako umepakwa chokaa? Kama ni chokaa nyeupe umeshapata karatasi yako, sahihisha kwa ukuta. Na unaponitumia usitume kama picha kwenye WhatsApp inazibana, tuma kama faili.

Mpiga Picha wa Chake

Ni chokaa Mzee, nyeupe. Nakutumia tisa zote usiku huu bando likiniruhusu.